Nililipia Nafasi Yangu kwa Siri ya Mwenzangu

Siri yenyewe sitaitaja. Najua ukifika katikati utatamani kuijua, na hamu hiyohiyo ndiyo iliyowafanya wenzangu wanne waache walichokuwa wanafanya na kunisogelea siku ile. Ilihusu nyumbani kwao, haikuwa kosa lake, na hakuna aliyestahili kuijua bila yeye kutaka. Jina lake pia silitaji. Kabla ya kuandika nilimuuliza kama naruhusiwa. Alikaa siku mbili bila kujibu, kisha akaandika: "Andika, ila lile lenyewe usiliseme."

Ilikuwa mwaka 2019, nikiwa na miaka 15. Tulikuwa marafiki tangu tulipokuwa tunajifunza kusoma, wale marafiki ambao mama wa mmoja akimwita mwanawe wanaitika wote wawili. Jioni aliyoniambia tulikuwa kwao tunafanya hesabu. Aliacha kuandika, akawa anachora duara pembezoni mwa daftari, duara juu ya duara, mpaka ncha ya kalamu ikatoboa karatasi. Ndipo akasema. Zilikuwa sentensi tatu tu, hakuniangalia usoni, na alipomaliza akafunua ukurasa mwingine upesi kana kwamba maneno yalikuwa yamebaki pale. Sikuwa na la kumjibu. Nilimsogelea, mabega yakagusana, tukakaa hivyo. Baadaye akashusha pumzi, akasema, "Angalau sasa tuko wawili."

Miaka kadhaa baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Michael Slepian na wenzake uliochapishwa mwaka 2017, juu ya watu wanaoishi na siri. Waliona kwamba kinachomchosha mtu zaidi ni jinsi akili yake inavyoirudia siri akiwa peke yake, hata pale ambapo hakuna wa kumficha. Nikayakumbuka yale maduara. Alikuwa ameyachora kichwani muda mrefu kabla ya kuyachora kwenye daftari, na siku ile alitafuta mtu wa kumsaidia kuutua mzigo. Nikaupokea, nikaenda kuuanika.

Mwaka ule tulitenganishwa, yeye mkondo huu, mimi mkondo ule. Nilijikuta kwenye darasa ambalo sikuwa na mtu. Wiki za mwanzo mapumziko yalikuwa marefu kuliko vipindi. Nilifungua kitabu na kukitazama tu ili nisionekane sina wa kuongea naye. Kisha wasichana wanne waliozoea kukaa kwenye ngazi za nyuma ya jengo wakaniita. Mmoja alisogeza begi lake kwa mguu ili nipate pa kukaa. Hakuniangalia hata, alilisukuma tu, lakini mimi niliona kama nimefunguliwa lango.

Nataka niwatendee haki. Wazazi wengi wakisikia kundi la vijana wanafikiria watoto walioharibika. Wale walikuwa wachangamfu, walisaidiana kazi za darasani, na mmoja akilia wote walimzunguka. Niliwapenda kwa dhati. Ila kila moto una kuni zake, na kuni za moto wetu zilikuwa habari za watu. Nani kaachana na nani, nani kafeli, nani anavaa viatu vya dada yake. Hakuna aliyeweka sheria, lakini kila mmoja alijua kwamba ukija, uje na kitu. Aliyekuja mikono mitupu hakufukuzwa. Macho yalimruka tu. Ukianza kusema, mwenzako anadakia, na hakuna anayerudi kukuuliza ulikuwa unasema nini.

Mtu mzima anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger, Matthew Lieberman na Kipling Williams walichapisha jaribio ambalo mtu alicheza mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta huku ubongo wake ukipigwa picha. Ikafika mahali wachezaji wengine wawili wakawa wanarushiana wao kwa wao, yeye hapewi. Mpira si mpira wa kweli, wenzake ni watu asiowajua, hakuna zawadi. Hata hivyo sehemu ya ubongo inayohusika pia na uchungu wa maumivu ya mwili iliamka. Mimi wale niliwaona kila siku, na siku niliyofanya kosa mpira ulikuwa haujanifikia karibu wiki nzima.

Mmoja alikuwa anamchana mwenzake nywele. Mwingine akamtaja rafiki yangu, kwa jambo la kawaida kabisa: siku hizi anaringa, hacheki na mtu. Nilitaka kumtetea. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba maneno yalianza kutoka kwa nia njema. "Haringi," nikasema. "Ana mambo ya nyumbani."

Kitana kikasimama katikati ya nywele. "Mambo gani?"

Palikuwa na nafasi pale ya kunyamaza. Urefu wake ni pumzi moja, na naikumbuka kuliko kitu kingine chochote cha mwaka ule. Ningesema "ya kwao tu," mazungumzo yangehamia kwingine. Lakini nyuso nne zilikuwa zimenigeukia, kifua kikajaa joto, nikasema. Nilisema kwa sentensi zilezile tatu alizonipa. "Wee! Hebu rudia," akasema mwenye kitana. Nikarudia. Kisha nikaongeza yale maneno ambayo kila anayetoa siri huyaongeza ili ajisikie bado ni mwaminifu: "Lakini msimwambie mtu."

Kuna jaribio jingine ambalo lilinisaidia kuielewa pumzi ile. Margo Gardner na Laurence Steinberg, mwaka 2005, waliwapa watu wa rika tofauti mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine wakicheza peke yao na wengine wakiwa na wenzao pembeni. Uwepo wa wenzao uliongeza kujihatarisha, na kwa vijana wa miaka 13 hadi 16 uliongeza zaidi sana kuliko kwa watu wazima. Ningekuwa na mmoja tu kati ya wale wanne, tena njiani, naamini ningenyamaza. Silisemi hili ili kujisafisha. Nalisema kwa sababu kijana anayejijua kwamba mbele ya kundi ulimi wake unalegea anaweza kujiwekea mpaka mapema, akiwa bado hajafika kwenye zile ngazi. Mimi siku hizi nina jibu langu tayari: "Haringi, mimi namjua." Nafika hapo, nasimama. Ukimtetea mtu usitoe sababu zake, maana sababu ndizo siri zenyewe. Na anayekubana umweleze zaidi hana haja ya kumwelewa, anataka stori.

Ilichukua siku tano. Mmoja wa wale wanne alirekodi sauti akamtumia ndugu yake, mtu mmoja tu, anayemwamini. Mapema mwaka huohuo WhatsApp ilikuwa imepunguza idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kuyasambazia ujumbe kwa mara moja hadi 5, na watu walisema sasa uvumi utapungua kasi. Ukipiga hesabu, watano wakiwapa watano, nao wakawapa watano, ni watu 125. Shule kama yetu haikuhitaji hata kufika huko. Na kila aliyeipeleka mbele aliifunga kwa maneno yangu, msimwambie mtu.

Siku ya tano tulikuwa na kipindi cha michezo, mikondo yote pamoja. Mvulana mmoja alimuuliza rafiki yangu swali kwa sauti. Kwa asiyejua, lilikuwa swali la adabu kabisa, la kumjulia hali mtu wa kwao. Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Yeye hakumwangalia aliyeuliza, wala hakuwaangalia waliocheka. Aligeuza kichwa polepole, akitafuta uso mmoja katika umati ule, mpaka akaupata.

Alinifuata tulipokuwa tunarudi madarasani. "Ni wewe?"

"Si mimi. Naapa. Labda majirani zenu."

Aliniangalia kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Majirani hawajui," akasema. "Nilikuambia wewe peke yako."

Kama kuna sehemu moja ya simulizi hii ningeomba ikae kichwani mwa msomaji mwenye miaka 15, ni hapo kwenye "naapa". Kuisema siri lilikuwa kosa la pumzi moja. Kukana lilikuwa kosa la kuchagua, nikiwa namtazama usoni, tena mbele ya mtu aliyekuwa anaujua ukweli kwa hakika. Baadaye sana aliniambia kwamba ngazi za nyuma angeweza kuzisamehe kabla ya mwaka kwisha. Kiapo kilimchukua miaka.

Hakuja shule siku nne. Tumbo, walisema, na nadhani kweli tumbo lilikuwa linamuuma. Aliporudi alihamia dawati la mwisho. Alikuwa mtu wa kunyoosha mkono hata kwa swali asilolijua, akaacha. Alianza kufika kengele ikilia na kuondoka kengele ikilia, ili pasiwepo dakika ya kukaa na watu. Nilikuwa nayaona yote haya kutoka kwenye zile ngazi, kwa sababu bado nilikuwa nakaa pale. Nafasi yangu ilikuwa imetengemaa. Walikuwa wananisogezea begi hata kabla sijafika. "Leo una nini?" waliniuliza, na nikaanza kujikuta nasikiliza watu kwa namna nyingine: nikiongea na mtu, sehemu ya akili yangu inapima kama anachosema kitafaa mchana. Nilikuwa nimegeuka mchuuzi. Hakuna aliyenilazimisha, na hakuna aliyeniadhibu.

Kisha nikamwandikia ujumbe wa kuomba msamaha, usiku, mrefu sana. Alama mbili zikageuka bluu. Hakujibu, nikamwonea hasira kwa kutojibu.

Siku ya tisa tangu kipindi kile nilikutana na mama yake getini. Alikuwa ameitwa kuonana na mwalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umetupotea hivyo?" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwenzio hayuko sawa. Kuna watu wasio na haya wamemtangaza. Njoo umkalie karibu, wewe anakusikiliza."

Niliitikia, nikaondoka, nikaenda kujifungia chooni. Siku tisa rafiki yangu alikuwa anajua aliyemtangaza ni mimi. Siku tisa mama yake alikuwa anamuuliza, bila shaka kila jioni, ni nani. Na hakunitaja. Alikuwa anaitunza siri yangu.

Usiku ule nilimweleza mama yangu. Nilitegemea anipige au anibembeleze, lakini hakufanya hata kimoja. Aliniuliza kama nimeshamwambia mwenyewe. Nikamwonyesha ule ujumbe. Aliusoma wote, kisha akaurudia akiwa anapitisha kidole kwenye kioo cha simu. "Humu umeandika 'mimi' mara kumi na tisa," akasema. "Mimi naumia, mimi sikukusudia, mimi silali. Yeye yuko wapi?"

Ni kweli. Ujumbe wangu ulikuwa unamwomba yeye anifariji. Nimewahi kuwaona wengine wakifanya hivyohivyo tangu wakati ule: mtu anamuumiza mwenzake, halafu anaenda kulia mbele yake mpaka yule aliyeumizwa ndiye anayempa kitambaa. Mama alinipa mambo mawili tu. Nenda kwa miguu, usiandike. Na ukifika, ukisema "lakini", umerudi ulikotoka.

Nilimkuta kwao. Nilimwambia ni mimi, niliwaambia watu fulani, siku fulani, mahali fulani, na nilidanganya uliponiuliza. Nikanyamaza. Kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko kusema, maana naye alinyamaza. Kisha akaniuliza maswali ambayo sikuwa nimeyatarajia kabisa. Walikuwa wangapi? Ulisema maneno gani hasa? Kuna kilichorekodiwa? Hakutaka kujua kwa nini. Alitaka kujua ukubwa wa kilichomwagika, ili ajue atembee wapi na asitembee wapi. Nilichukua karatasi nikamwandikia orodha: nani alisikia kwangu, nani nilijua amesikia kwa hao, nani ana ile sauti. Aliisoma kama mtu anayesoma majibu ya vipimo. Akaikunja, akaiweka mfukoni, akasema, "Sasa nenda."

Kwa hiyo kama umefika mahali pa kuomba msamaha kwa kosa la namna hii, nenda na orodha. Machozi hayamsaidii mtu ambaye hajui nani katika chumba anajua habari zake na nani hajui. Na usipunguze idadi ili uonekane afadhali. Nilishawishika kumwacha mmoja, ndugu wa yule aliyerekodi, kwa kuwa sikuwa na hakika. Nilimwandika hata hivyo, na alikuwa amesikia.

Kisha nikaanza kuirudia njia. Maji yakimwagika hayazoleki, nalijua hilo sasa kwa kulifanya. Nilimwomba aliyerekodi aifute ile sauti, akasema ameifuta, na ilikuwa kweli kwenye simu yake. Lakini kwenye WhatsApp kuufuta ujumbe hata kwenye simu za wenzako kulikuwa na muda wake, wakati ule saa 1 na dakika chache tu, na siku zilikuwa zimeshapita. Zaidi ya hapo, kufuta unachotuma wewe hakugusi nakala ambazo wengine wameshazisambaza. Tangu mwaka 2021 kuna picha na video za kutazamwa mara moja, na vijana huniambia zile ni salama. Simu nyingine ikishikwa juu ya kioo inapiga picha vizuri tu. Nilimfuata kila niliyemjua, mmoja mmoja, nikiwa na sentensi moja: "Habari ile niliitoa mimi na haikuwa yangu, naomba ikomee kwako." Wengine waliona aibu pamoja nami. Mmoja alinicheka. Mmoja, msichana mkimya ambaye sikuwahi kuongea naye, alisema kwamba yeye alikuwa ameifuta siku ileile bila kuisikiliza hadi mwisho. Nilitamani kumuuliza aliwezaje. Sasa najua kwamba mtu kama yule ndiye aliyeizuia isifike mbali zaidi, na hakuna aliyewahi kumshukuru.

Mwalimu wa malezi alifanya jambo moja zuri na moja baya. La kwanza, alizungumza na darasa kuhusu kusambaza mambo ya watu bila kuligusa lile lenyewe hata kwa mafumbo, na minong'ono ikapungua. La pili, alituita ofisini akatutaka tushikane mikono na kukumbatiana mbele yake ili "yaishe". Tulikumbatiana. Nilihisi mwili wake umekakamaa kama mbao. Walimu na wazazi wanaosoma hapa, nawasihi, msifanye hivi. Mnampa aliyeumizwa kazi ya pili, ya kuwafurahisha ninyi. Muulizeni yeye kwanza anataka nini. Huenda anataka tu kubadilishiwa dawati.

Kuhusu kundi, nililiacha, na sitasema ilikuwa rahisi au kwamba nilipata marafiki bora mwezi uliofuata. Niliwaambia wale wanne kwamba mimi habari za watu sina tena. Hawakunifukuza. Macho yakaanza kuniruka, kama nilivyojua, na baada ya wiki tatu hivi begi halikusogezwa. Nilimaliza mwaka nikiwa peke yangu wakati wa mapumziko, na kitabu kilekile, safari hii nikikisoma. Upweke ule una uzito wake na kijana anayeuogopa simlaumu. Kilichonisaidia ni mambo ya kushika kwa mikono: nilijiunga na kikundi cha kusafisha maktaba, mahali ambapo watu wanaongea juu ya kazi iliyo mbele yao. Urafiki ulikuja polepole kwa njia hiyo, bila mtu kuuliza una nini leo.

Mwisho wa mwaka rafiki yangu alihama shule. Familia ilikuwa na sababu nyingine pia, lakini najua moja ya sababu.

Sasa niseme kosa la pili, maana wengi tukiungua huukimbia moto hata pale tunapouhitaji. Nikiwa na miaka 17, msichana tuliyekuwa naye maktaba aliniambia kwamba anajiumiza na kwamba siku nyingine hatamani kuamka. Akaniapisha. Mimi, mwenye historia niliyokuwa nayo, niliapa kwa moyo wote na nikaona hii ndiyo nafasi ya kuthibitisha kwamba nimebadilika. Nilikaa nayo siku mbili. Usiku wa pili sikulala kabisa, nikifikiria kwamba kesho anaweza asije na mimi nitakuwa nimetunza ahadi.

Asubuhi nilimfuata yeye kwanza. Nilimwambia, "Hii siwezi kuibeba peke yangu, na wewe pia huwezi. Nataka twende wote kwa mwalimu. Ukikataa nitakwenda mwenyewe, lakini sitamwambia mtu mwingine yeyote." Alikasirika, akaniita majina, na majina mengine nilistahili kwa sababu ambazo yeye hakuzijua. Nilikwenda. Walimpata mtu wa kumsaidia. Hakunisemesha kwa mwezi mzima, kisha siku moja akaja kukaa meza yangu, akafungua kitabu chake, tukaendelea.

Watu huniuliza tofauti iko wapi, kwamba huku nilitoa siri nikakosea na kule nilitoa siri nikafanya sawa. Naiona katika maswali mawili ninayojiuliza tangu wakati ule. Ninayetaka kumwambia anaweza kufanya nini? Wale wanne hawakuwa na uwezo wa kumsaidia rafiki yangu kwa lolote. Walikuwa na uwezo wa kuisikia tu. Mwalimu alikuwa na uwezo wa kupiga simu. Na mwenye siri anajua kwamba nakwenda kuisema? Ukiona unataka kuisema lakini hutaki ajue umeisema, nyamaza. Ikiwa ni kujiua, kupigwa, kunajisiwa, kutishiwa na mtu mzima, sema leo, kwa mtu mzima mmoja unayemwamini, na asiposikia mwendee wa pili. Usiape kabla ya kusikia. Mtu akikuambia "apa kwanza," mjibu: "Nitaitunza, isipokuwa kama maisha yako yako hatarini."

Mzazi anayesoma, angalia pia kinachoulizwa nyumbani. Mama yangu aliniambia, kipindi kile tulipokuwa tunaongea sana, kwamba naye alijiona. Nikirudi shule alikuwa akiniuliza, "Enhe, kuna stori gani?" na nikileta habari za watoto wa wenzake alicheka na kuvuta kiti. Nilikuwa nimejifunza bei ya habari za watu kabla sijazifikia zile ngazi. Aliacha kuuliza hivyo. Akawa ananiuliza, "Wewe leo umekuwaje?" na mwanzoni sikuwa na la kujibu, nilikuwa sijazoea kuulizwa.

Mimi na rafiki yangu yule tunasalimiana. Siku yangu ya kuzaliwa hunitumia ujumbe mfupi, nami hivyohivyo. Mara mbili tumekutana, tukaongea vizuri, juu ya kazi, juu ya masomo, na kila mara nilisikia pale ambapo zamani angeacha kuandika na kuanza kuchora duara. Sasa hachori. Anabadilisha mazungumzo kwa upole na mimi namfuata anakokwenda.

Mwaka jana mtu tuliyesoma naye alinipigia simu. Baada ya salamu akashusha sauti: "Umesikia yaliyotokea kwa kina fulani, lile jambo la zamani?" Nilijua mara moja ni habari zake, na kwamba ni kubwa, na pengine ni njema. Moyo ulinienda mbio. Nilitaka kujua kuliko nilivyowahi kutaka kujua kitu. Nikamwambia asinieleze, kama anataka nijue, ataniambia mwenyewe.

Mpaka leo hajaniambia.